Gari inachemka kwenye foleni ya feri lakini barabarani imetulia: usikubali hedi ifunguliwe bado

Waaleikum salaam dada yangu. Swali lako nimelisoma vizuri, ntaliweka hapa kwa ufupi ili mwenye shida kama yako naye afuate. Una Toyota Fielder ya 2005 yenye injini ya 1NZ-FE, unakaa Mtwapa na kazi iko Likoni, kwa hivyo kila asubuhi ni daraja la Nyali, Buxton, mjini halafu foleni ya feri. Ukiwa umesimama na AC imewaka mshale wa temperecha unapanda, ukizima AC unarudi kidogo, na siku ukienda Kilifi barabara iko wazi mshale unakaa katikati kama hakuna kitu. Maji yanapungua, unaongeza ya kisima cha nyumbani. Fundi wa kwanza alikubadilishia kifuniko cha rejeta akakutolea na thamostati kabisa (ule mlango mdogo unaofungua na kufunga njia ya maji kwa joto), akasema Mombasa ni joto haina kazi. Fundi wa pili kafungua boneti, kaangalia juu juu, kasema gasketi ya hedi imekwenda na anataka kushusha hedi (hedi ni kile kipande cha juu cha injini, gasketi ni ile ya kuziba kati yake na bloku ya chini). Unauliza umkubalie ama la.

La, usimkubalie. Inawezekana kweli gasketi ikawa imeungua, hiyo siikatai, lakini kwa hayo uliyoyaeleza haiko hata kwenye tatu za mwanzo ambazo mimi ningezitafuta, na kubwa zaidi ni kwamba hakuna kipimo hata kimoja kilichofanywa. Hedi ikishafunguliwa ndo imefunguliwa, utanunua gasketi, utalipa kusawazisha uso wa hedi, utalipa kazi, oili mpya, kulanti mpya (ile dawa ya maji ya rejeta), na kama shida ilikuwa ni feni basi utarudi kwenye ile ile foleni ya Likoni na mshale utapanda vile vile. Nshaona watu wengi wakipitishwa njia hiyo na inaniuma, kwa sababu pesa nyingi imekwenda na kosa la fyuzi bado liko pale pale.

Mimi mtu akinijia na gari inayochemka swali langu la mwanzo ni: inachemka ukiwa wafanya nini? Maana gari haichemki ovyo, ule wakati inapochemka ndo unakwambia ukaangalie wapi. Injini inapozwa na vitu viwili, maji yanayozunguka ndani na upepo unaopita kwenye rejeta. Ukiwa kwenye mwendo upepo unaletwa na mwendo wenyewe, ukifika kama kilomita 50 kwa saa feni haina kazi kubwa tena. Ukisimama upepo wote ni wa feni, hakuna mwengine. Na AC ikiwaka ile kondensa yake, yaani rejeta ya AC, imekaa mbele ya rejeta, inatoa joto, kwa hivyo rejeta inapokea upepo ambao ushapashwa moto tayari, tena hapa kwetu wakati wa kaskazi ambapo hewa yenyewe iko nyuzi 32, 33 na lami inarudisha joto chini ya gari. Sasa tizama dalili zako: inachemka ukisimama, inazidi ukiwasha AC, inapoa ukienda mbio. Hayo yote matatu yananyoosha kidole upande mmoja, upepo. Ama feni haifanyi kazi yake, ama upepo haupati njia ya kupita.

Ingekuwa kinyume, yaani kwenye jamu iko sawa lakini ukipanda mlima wa Mazeras na mizigo ndo inachemka, ningekwambia uangalie ndani, mirija ya rejeta imeziba, wota pampu imechoka, ama paipu ya chini imelegea inajifinya ikivutwa. Na ingekuwa inachemka popote pale dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, hapo ningeanza kufikiria maji hayamo kabisa, thamostati imeganda imefungwa, ama ndio hiyo gasketi. Kwako wewe hakuna hata moja katika hayo.

Kwa hivyo anza na feni, na hii unaweza kufanya wewe mwenyewe nyumbani asubuhi gari ikiwa baridi. Washa injini, washa AC iwe kwenye baridi ya mwisho, halafu nenda mbele ukatizame. Kwenye Toyota hizi AC ikiwaka feni lazima izunguke, haingoji injini ipate moto. Tafadhali kama umevaa buibui ama mtandio ukaze vizuri na usiingize mkono, feni ya umeme inaweza kuanza ghafla. Kama feni haikuzunguka basi ushapata pa kuanzia, na kabla ya kununua mota mpya kuna vitu vya bei ndogo vya kupima kwanza. Fyuzi ya feni iko kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, iangalie. Rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme, badilisha na nyengine ya aina ile ile iliyomo kwenye boksi hilo hilo, kama feni ikaanza basi ni rilei. Halafu kuna soketi ya feni yenyewe, hapa Pwani chumvi ya baharini inaila shaba mpaka inakuwa kijani, umeme unapita kidogo kidogo tu, ukiichomoa utaona rangi na pengine plastiki imeyeyuka upande mmoja. Na kama yote hayo ni mazima, fundi aitie mota umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili. Isipozunguka mota imekufa. Ikianza baada ya kugongwa gongwa na bisibisi basi kaboni za ndani zinazopitisha umeme kwenye mota zimeisha, na hiyo ndo inayowapoteza mafundi wengi, kwa sababu siku ya kupimwa inazunguka vizuri na siku ya foleni inalala.

Na hata ikizunguka usiridhike haraka. Feni kuzunguka na feni kuvuta upepo ni mambo mawili. Chukua karatasi nyepesi, tishu ama kipande cha gazeti, weka mbele kwenye grili gari ikiwa imesimama na feni iko kazini. Inafaa karatasi ivutwe igande pale. Ikianguka, feni ni dhaifu ama njia imeziba. Ikipeperushwa kuja mbele kwako, feni inazunguka kinyume, mtu aligeuza waya siku alipoitengeneza, na hapo inasukuma upepo kutoka injini kwenda mbele, kwa hivyo ukiwa mbioni inagombana na upepo unaoingia na ukisimama inaleta hewa ya moto ya injini. Uliza kama gari ishawahi kubadilishwa feni.

Tuseme AC ikiwaka feni inazunguka, ukizima AC halafu injini ikapata moto feni haianzi. Hapo mota ni nzima, aliyelala ni yule anayetoa amri. Gari yako ina sensa ya temperecha ya maji kwenye injini, inampa habari kompyuta ya gari, na kompyuta ndo inawasha feni maji yakifika kwenye nyuzi tisini na kitu. Kwenye Toyota nyingi ukichomoa soketi ya ile sensa injini ikiwa inanguruma, kompyuta inaingiwa na wasiwasi inawasha feni yenyewe kwa usalama. Ikiwaka ujue waya na rilei ni nzima na sensa ndo ya kushuku. Ukisharudisha soketi taa ya injini inaweza kubaki imewaka, usishtuke, inafutwa na mashine ya kuskani.

Kuna mafundi wakiona feni hairudi wanaiunga dairekti, ukiwasha gari tu feni inaenda mpaka unazima. Kukufikisha nyumbani siku hiyo ni sawa kabisa, hata mimi ningefanya. Kukaa nayo hivyo mwaka mzima sikubaliani nayo, mota inachoka mapema, waya zilizoungwa bila rilei zinapata moto, na ile sensa mbovu inaendelea kuidanganya kompyuta, petroli inaliwa na wewe hujui kwa nini.

Sasa njia ya upepo. Fungua boneti utizame kati ya kondensa na rejeta, ule mwanya mwembamba. Pale ndo vinakusanyika vumbi la malori ya Changamwe na Miritini, majani, mifuko, wadudu, yote yanashikana na unyevu wa chumvi yanakuwa kama mkeka. Kwa mbele kondensa utaiona safi, ukasema rejeta haina shida, kumbe nyuma yake hakupiti kitu. Inaoshwa kwa maji ya kawaida ya paipu kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu. Usimwachie kijana wa kuosha magari aitie presha ya mashine, zile nyembe, yaani vibati vyembamba vinavyotoa joto, zinalala zote na hapo umeziba mwenyewe. Halafu pitisha kidole kwenye zile nyembe za rejeta kwa upole. Kama zinasagika zinakuwa unga mweupe basi rejeta imeliwa na chumvi, inaweza isivuje hata tone lakini kazi ya kutoa joto haiwezi tena, kwa sababu joto la maji linatoka kwa kupitia zile nyembe. Hiyo haioshwi, inabadilishwa. Gari zinazolala karibu na bahari, Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka huko kwako, nyembe zake hufa kabla ya rejeta kutoboka, na gari zinazotoka bara hazina sana shida hii ndio maana fundi aliyejifunzia huko anaweza asiitafute.

Na angalia kama ile kava ya plastiki inayoizunguka feni iko kamili. Ikivunjika ama ikiachwa nje baada ya ajali ndogo, feni inavuta hewa ya pembeni, inazungusha ile ile hewa ya moto, rejeta haipati kitu. Vile vile ile kava ya chini ya injini ambayo wengi wameitupa kwa sababu ilikuwa inaburuta, inasaidia kuelekeza upepo.

Kitu kimoja kuhusu mshale, ili usiogope bure na pia usijiamini kupita kiasi. Ukizima gari kwenye feri halafu ukiwasha tena dakika kumi baadaye ukakuta mshale umepanda kidogo na ndani ya dakika moja umeshuka, hiyo ni kawaida, pampu ilisimama na chuma bado cha moto, maji yaliyokaa pale yamepata joto. Lakini mshale wa gari hizi umetengenezwa utulie katikati kwa nafasi kubwa, maji yawe nyuzi 80 ama 95 wewe unauona pale pale. Kwa hivyo siku unauona umepita katikati ukiwa umewasha injini, joto lishakwenda mbali, usiseme ntafika tu. Ukipata kale kamashine kadogo ka bluetooth kanachopachikwa kwenye soketi ya kuskani chini ya usukani, unasoma namba yenyewe kwenye simu, ila uliza kwanza kama gari yako inakakubali. Kikawaida utaona inacheza kati ya 85 na 97 hivi, feni ikiwaka inashuka, ikizima inapanda. Ikipita 105 na bado inapanda, toa gari barabarani.

Tuje kwenye maji yanayopungua, manake hili ni swali la pili ndani ya swali lako na watu wanalichanganya na la kwanza. Mfumo wa maji wa gari umefungwa, mwaka mzima haufai kupungua zaidi ya kidogo sana. Ukiongeza kila baada ya siku chache basi yanatoka mahali. Yanaweza kuwa yanatoka kwa sababu gari inachemka foleni na kifuniko kinatema, na yanaweza kuwa yanavuja na kule kupungua kunaongeza kuchemka. Asubuhi kabla hujawasha gari chukua tochi utafute alama, maji yaliyokauka yanaacha ukoko mweupe, wa pinki ama wa kijani kutegemea ulitia nini. Tizama pale plastiki ya rejeta inaposhikana na aluminiamu, juu na chini, maana ule mpira wa katikati ukizeeka unaachia. Tizama miisho ya paipu zote kwenye klipu. Tizama wota pampu, kwa 1NZ inazungushwa na fanbelti ya nje, chini ya ekseli yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo, ukiona mfereji wa ukoko umeshuka kutoka pale pampu inaomba kubadilishwa. Na kapeti la abiria wa mbele liguse, likiwa na unyevu wa kunata wenye harufu tamu tamu basi rejeta ndogo ya hita inavuja ndani.

Usipoona kitu, mtafute fundi mwenye pampu ya kupima presha ya rejeta. Si kifaa cha ajabu, inafungwa mahali pa kifuniko gari ikiwa baridi, inapigwa mpaka kama psi 15, halafu mnakaa mnatizama geji yake kwa robo saa. Ikishuka maji yanatoka mahali na kwa presha hiyo utayaona. Fundi asiyekuwa na kifaa hiki na anataka kukufungulia hedi, mimi gari yangu nisingemwachia.

Na kifuniko. Umebadilishiwa, sawa, lakini kimeandikwa namba gani? Juu yake kuna namba, 0.9 ama 1.1 kwa kawaida, na kwa gari yako ni 1.1. Ile ni presha. Maji hapa Mombasa usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100, lakini yakifungiwa kwa presha hiyo hayachemki mpaka yapite 120, na ukitia kulanti yanavuka hapo. Kwa hivyo kifuniko kilicholegea ama cha namba ndogo kinafanya maji yachemke mapema na kutemwa hata kama joto si kubwa vile. Tena kifuniko kina kazi mbili: kikipata joto kinaachia maji yaende kwenye kile kitangi cha akiba pembeni, kikipoa kinayavuta yarudi. Zile feki nyingi kazi ya kwanza zinaiweza, ya kurudisha haziiwezi. Dalili yake ni kwamba kitangi kinajaa mpaka kinamwagika na rejeta ukiifungua asubuhi iko nusu. Na tafadhali usihesabu maji kwa kitangi peke yake, gari ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko chenyewe utizame, maji yanafaa yafike shingoni.

Thamostati inarudishwa. Hapa sitabishana na mtu, ntaeleza tu. Kazi yake ni kuizuilia injini maji mpaka ifike joto lake la kufanyia kazi, kwa 1NZ inaanza kufunguka kama nyuzi 80 hadi 84. Petroli inaungua vizuri injini ikiwa na joto hilo, oili inakuwa nyepesi inavyotakiwa, unyevu ndani ya oili unakauka. Ukiitoa, injini inakaa baridi ukiwa mbioni, kompyuta inadhani gari ndo kwanza inawashwa inaongeza petroli, oili inachafuka mapema. Watu husema hapa ni joto kwa hivyo haihitajiki, lakini hata siku ya jua kali kabisa hewa ya Mombasa ni nyuzi 33, injini inataka karibu 90, tofauti bado ni kubwa. Wengine husema ukiitoa maji yanapita haraka hayapati muda wa kupoa, hiyo nayo si kweli. Shida ya kweli ni nyengine: kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka kwa upande mmoja inafunga kwa upande wa pili ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, kwa hivyo sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupoa, na ukiwa umesimama kwenye jamu hapo unaisikia. Yaani lile alilolifanya kukusaidia linaweza kuwa linakuongezea. Nunua ya asili ama ya kampuni inayojulikana, kabla ya kufungwa muitie kwenye sufuria ya maji mekoni, yakikaribia kuchemka uione inafunguka, ukiitoa ijifunge. Ile isiyofunguka kwenye sufuria haitafunguka kwenye gari.

Sasa maji ya kisima, na hapa naomba unisikize sana. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe na bahari iko karibu, maji yake yana chokaa na yana chumvi. Unaijua ile ganda nyeupe inayokaa chini ya birika la chai, basi ndani ya mirija ya rejeta ambayo ni myembamba kuliko mrija wa soda inakaa ile ile, na rejeta haina wa kuikwangua. Chumvi nayo inaila aluminiamu, na injini yako hedi ni aluminiamu, bloku ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu. Maji ya mkokoteni ni yale yale, mengi yanatoka visimani. Kama ni lazima utie maji basi tia yale safi ya kuweka kwenye betri, yasiyo na madini, lakini uwe makini muuzaji asikupe asidi ya betri, hakikisha umesoma chupa. Hata ya mvua uliyoyakinga vizuri ni bora kuliko ya kisima.

Na kulanti si ya watu wa nchi za barafu pekee. Ile sehemu ya kuzuia kuganda hatuihitaji, kweli, lakini ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu, inailainisha sili ya wota pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Toyota wenyewe wanatumia ile ya pinki, ambayo huja ishachanganywa nusu kwa nusu, usiiongezee maji. Rangi usiitegemee, kampuni nyengine zinatia pinki ama kijani kwa dawa tofauti kabisa, soma kwenye dumu. Usichanganye ya zamani na mpya za aina mbili. Gari yako mfumo mzima ni kama lita 5, kwa hivyo hata si nyingi. Kabla ya kutia mwaga yote yaliyomo, suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Na mtu asikutilie manjano, yai, tumbaku wala zile chupa za kuzibia tundu, zinaziba tundu na zinaziba mirija ya rejeta na ya hita pamoja.

Kujaza nako kuna utaratibu, maana hewa ikibaki ndani utachemka hata kama kila kitu ni kipya. Paki mahali ambapo mbele kumeinuka kidogo, hita iweke kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu huku ukiifinya finya paipu ya juu mpaka mapovu yaishe, washa injini kifuniko kikiwa wazi, maji yakishuka ongeza, subiri mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, halafu funga. Kesho yake asubuhi tizama tena, mara nyingi yatakuwa yameshuka kidogo.

Nimeiacha gasketi mwisho makusudi. Vipimo vyake vipo na vingi havihitaji kufungua chochote. Gari ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, maji yawe juu, mtu awashe injini wewe utizame shingoni. Mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma, yanazidi ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu, usihukumu kwa hayo. Paipu ya juu ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili tangu uwashe asubuhi, kabla hata ya injini kupata moto, hiyo pia ni gesi. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha hata gari ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipustiki, injini kutetemeka asubuhi halafu kutulia, plagi moja ikatoka safi inang'aa kuliko wenzake, hizo ni dalili. Na kipimo cha kumaliza ubishi ni ile dawa ya buluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, inavuta hewa ya pale, ikigeuka manjano ni gesi ya moto wa injini na hapo hakuna maneno tena. Mwambie huyo fundi wa pili akuonyeshe hata dalili moja katika hizo kwa macho yako.

Ikithibitika kweli, basi fungueni, lakini hedi ipelekwe kwa wenye mashine ikapimwe kama imepinda, maana aluminiamu ikipinda hata unene wa unywele mmoja gasketi mpya haitashika, na ipimwe presha kama ina ufa. Boliti zikazwe kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua zake, si kwa mkono wa mazoea. Na chochote kilichosababisha iungue, feni ama rejeta, kitengenezwe siku hiyo hiyo.

Mpaka ukishamaliza haya, ukiona mshale unapanda ukiwa kwenye foleni, zima AC hapo hapo, fungua madirisha, washa hita moto wa mwisho na feni yake ya ndani kasi yote. Najua ni mateso kwenye jua la saa nane lakini hita ni rejeta ndogo, inachukua joto la injini. Weka gia kwenye N na ukanyage mafuta kidogo tu ili pampu izungushe maji. Kama bado unapanda ama umeona mvuke, ondoka foleni, zima, fungua boneti na uache. Kifuniko usikiguse, yale maji yana presha na nyuzi zaidi ya 100, yanababua uso na kifua. Ngoja nusu saa hadi dakika arubaini na tano mpaka uweze kuifinya paipu ya juu kwa mkono bila kuungua, ndo ukishike kifuniko kwa kitambaa kizito, kizungushe kidogo ukisikie kikitoa hewa, halafu ukimalizie. Na yeyote atakayekuja mbio na ndoo ya maji baridi mshukuru umzuie, chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hedi inapinda ama inapasuka, na hapo ndo gasketi ambayo ilikuwa nzima inakwenda kweli.

Fanya jaribio la AC na karatasi kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini, uniandikie feni imefanya nini, kifuniko kimeandikwa namba gani, na ukikifungua gari ikiwa baridi maji umeyakuta wapi. Kwa majibu hayo matatu ntaweza kukwambia ununue nini na usinunue nini.